Nembo, Chale na Sonona: Alama za Mwilini na Faraja ya Moyo katika Nchi ya Masasi na Newala

Neno nembo limesafiri mbali. Mtanzania wa leo akilisikia huiona ngao yenye mwenge, mwanamume na mwanamke walioishikilia wakiwa wamesimama juu ya mlima Kilimanjaro, na chini yake maneno Uhuru na Umoja. Huiona pia juu ya karatasi za barua za shule, za halmashauri, za vyama vya ushirika na za vilabu vya mpira. Lakini kwa wazee wa Newala na Masasi nembo haikuwa kitu cha karatasi. Ilikuwa mistari iliyochanjwa usoni, kifuani, tumboni au mgongoni, ikapakwa unga wa mkaa, ikapona na kubaki.

Katika Kimakonde wingi wa neno hilo ni dinembo. Katika Kiyao, lugha jirani, kitenzi kulemba kina maana ya kuandika, na katika Kichewa vivyo hivyo. Kiswahili kina kuremba na urembo. Mwanafunzi wa fonolojia ya Kibantu hatakawia kuona kwamba maneno haya yanaelekea kuwa ya ukoo mmoja: shina lenye nasali ndani yake, likitanguliwa na kiambishi nasali cha ngeli, hupoteza l yake na kuacha n peke yake, kwa kanuni inayoitwa kwa jina la Carl Meinhof. Kwa hiyo kuandika, kupamba na kuchanja mwili yanaonekana kuwa matawi ya shina moja, na yaelekea kuwa mwili ulikuwa miongoni mwa kurasa za kwanza kuandikwa katika nchi hiyo, kabla ya wino wa mwarabu na wa misionari kufika.

Upande wa pili liko neno sonona. Kitenzi chenyewe ni cha zamani: jino husonona, kidonda husonona, moyo husonona. Ni katika miongo ya karibuni tu ambapo wataalamu wa afya na waandishi wa habari wamelifanya kuwa jina la ugonjwa, yaani ile hali ya huzuni nzito isiyoondoka, inayomnyima mtu usingizi, hamu ya chakula na hamu ya kesho. Wananchi wengi bado husema kwa njia nyingine: ana mawazo, anawaza sana, moyo umekufa. Sylvia Kaaya na wenzake wa Muhimbili walilitambua jambo hili. Dodoso lao la vipengele 19, lililoelezwa katika andiko la mwaka 2008, lilijengwa juu ya namna watu wa Dar es Salaam wenyewe wanavyoieleza hali hiyo, badala ya kutegemea tafsiri ya dodoso la kigeni peke yake. Na inafaa kukumbuka kwamba Kiswahili kinapoeleza maumivu ya moyo hukimbilia mara kwa mara lugha ya kisu. Maneno mabaya humkata mtu maini. Aliyeshindwa hukata tamaa. Aliyedhulumiwa ana jeraha, na akisamehe hubaki na kovu.

Katika nchi za Magharibi, na sasa katika miji ya Afrika Mashariki pia, wapo wanaosema kwamba mchoro wa mwilini, yaani tatuu, umewasaidia kuvuka kipindi cha sonona. Mfano unaojulikana sana ni ule wa Marekani, ambako Amy Bleuel alianzisha mwaka 2013 harakati ya watu kujichora nukta mkato. Mantiki yake ni ya kisarufi: mwandishi hutumia nukta mkato pale ambapo angeweza kuimaliza sentensi lakini akaamua kuiendeleza. Mwanzilishi huyo alifariki mwaka 2017, baada ya kuishi na maradhi hayo miaka mingi. Alama hiyo imebaki katika miili ya watu wengi duniani. Je, katika nchi ambayo kuandika na kuchanja mwili ni neno moja, alama ya mwilini iliwahi kubeba mzigo huu? Na kama iliubeba, iliubeba kwa nguvu gani?

Nchi inayohusika ni ile inayoanzia ukingo wa magharibi wa uwanda wa Makonde, pale Newala, na kushuka hadi tambarare la Masasi lenye vilima vya mawe, ambako kipo kijiji cha Lupaso. Lupaso inajulikana zaidi kwa kuwa ndiko alikozaliwa Rais Benjamin William Mkapa mwaka 1938 na ndiko alikozikwa Julai 2020. Kwa mwanahistoria wa alama za mwili, sifa yake ni nyingine: ni sehemu ya eneo ambamo Wamakua, Wamakonde, Wayao na Wamwera wamechanganyika kwa vizazi vingi, wakioana, wakitaniana na kuzikana. Katika mchanganyiko wa namna hiyo uso uliochanjwa ulisema jambo kabla ya mdomo kufunguliwa.

Mgeni wa mapema kuziandika alama hizo kwa makini alikuwa David Livingstone, alipopita kando ya mto Ruvuma mwaka 1866. Aliona kwamba Wamakua walijulikana kwa umbo la mwezi nusu, au mwezi unaokaribia kujaa, lililochanjwa kwenye paji la uso. Kwa jirani zao aliona mistari ya mawimbi iliyomkumbusha alama ambazo watu wa kale walizitumia kwa maji, pamoja na miti na bustani ndani ya miraba. Akaandika kwamba mtoto huchukua nembo ya baba yake, na kwamba maana ya alama hizo ilikwisha kupotea. Wenyeji, walipoulizwa, walimjibu kwa maneno yenye maana kwamba ni pambo tu.

Jibu hilo la “urembo tu” limewaudhi watafiti wengi waliofuata, kwani walitaka siri kubwa. Huenda lilistahili kusikilizwa vizuri zaidi, na litarudiwa hapa chini.

Miaka 40 baada ya Livingstone alikuja Karl Weule, mtaalamu wa ethnografia kutoka makumbusho ya Leipzig. Alifika Lindi mwaka 1906, akapita Masasi, akakaa Newala na Mahuta, na mwaka 1908 akachapisha kitabu chake kilichosomwa sana Ujerumani. Tafsiri yake ya Kiingereza, ya mwaka 1909, ilifanywa na Alice Werner, ambaye baadaye alikuwa profesa wa Kiswahili na lugha za Kibantu jijini London. Weule aliandika mengi juu ya nembo na ndona, yaani kipande cha mti kilichovaliwa na wanawake katika mdomo wa juu. Alieleza jinsi ngozi ilivyochanjwa, jinsi unga wa mkaa ulivyosuguliwa ndani ya majeraha, na jinsi kazi hiyo ilivyorudiwa hata makovu yakainuka. Alipiga picha, alinasa nyimbo kwa santuri za nta, alishuhudia ngoma za unyago.

Tarehe ya safari hiyo inapasa kuzingatiwa. Mwaka 1906 nchi ile ilikuwa inatoka katika Vita vya Maji Maji. Misheni za Wabenediktini za Nyangao na Lukuledi zilikuwa zimechomwa mwaka 1905. Ile ya Ndanda ilianzishwa mwaka huohuo wa 1906. Majeshi ya Wajerumani yalikuwa yameteketeza mashamba na maghala, na njaa ikaua kusini kote. Watu waliosimama mbele ya kamera ya Weule, chini ya macho ya askari wa serikali waliomsindikiza, walikuwa watu waliofiwa. Yeye aliwauliza juu ya umbo la mistari. Swali la moyo halikuulizwa, na ndiyo sababu mwanahistoria anayelitafuta jibu lake leo hana budi kulisoma kwa pembeni, katika desturi zenyewe, katika msamiati, na katika hadithi.

Hadithi moja aliyoichapisha Weule mwenyewe ni ya asili ya Wamakonde. Inasimulia juu ya kiumbe aliyeishi porini peke yake, asiyeoga wala kunyoa. Akachonga sanamu ya mti, akaisimamisha kwenye makao yake, na usiku ikawa mwanamke. Wakaenda karibu na mto Ruvuma. Mtoto wa kwanza akazaliwa amekufa. Wakavuka nchi ya juu hadi bonde la Mbemkuru. Wa pili naye akazaliwa amekufa. Wakapanda hadi kwenye uwanda wa juu wenye vichaka, na huko wa tatu akazaliwa hai. Kwa kawaida hadithi hii hutajwa na wauzaji wa vinyago ili kueleza kwa nini Wamakonde ni wachongaji, na na wanajiografia ili kueleza kwa nini watu walikaa juu ya uwanda usio na maji, ambako wanawake walishuka bondeni kila siku na mitungi hadi mradi wa maji wa Makonde ulipoanza katika miaka ya 1950. Ni nadra kutajwa kwamba ni hadithi ya wazazi waliofiwa mara mbili. Aliye mpweke hajipambi. Anaanza kuwa mtu pale anapochonga mwenzake. Kabila zima linajieleza kuwa limetokana na mti uliokatwa kwa mkono, na kuwa limekuja mahali lilipo likikimbia msiba.

Uchanjaji wenyewe ulikuwa kazi ya fundi, ambaye kwa Wamakonde wa ng’ambo ya Ruvuma aliitwa mpundi wa dinembo. Aliyechanjwa kwa kawaida alikuwa kijana au binti aliyekaribia au aliyepita unyagoni. Alilala au kuketi chini, wakubwa wake walikuwapo, wengine walimshika. Damu ilifutwa, mkaa ukapakwa, jua likakausha. Kazi haikwisha siku moja, bali ilirudiwa kwa vipindi, kwani mstari uliochanjwa mara moja ulififia. Kulia kwa sauti kulileta aibu, na aliyekimbia kabla kazi haijakamilika alibaki na nembo nusu, ambayo ilikuwa dhihaka inayotembea. Haya si mambo ya kusifiwa yote. Wapo waliochanjwa bila kuulizwa, tena wakiwa wadogo. Na binti aliyeambiwa kwamba bila dinembo tumboni hataolewa hakupewa nafasi kubwa ya kuchagua. Anayetaka kuigeuza desturi hii kuwa paradiso iliyopotea atakuwa amewasahau waliouma meno.

Hata hivyo, mtu yule hakuumia peke yake. Aliumia mbele ya watu waliokuwa wameumia kabla yake mahali palepale pa mwili, kwa makali ya namna ileile, na ambao nyuso zao zilimwonyesha wakati uleule kwamba maumivu hupona. Nembo ilikuwa ushahidi wa kudumu kwamba mwenye nayo aliwahi kuumia mbele ya watu, na watu hao hawakuondoka. Hiki, kuliko umbo la mstari, ndicho kinachoweza kuitwa faraja. Mwanamke aliyefiwa na mtoto miaka 20 baadaye alikuwa na kungwi wake, alikuwa na wenzake wa rika moja waliotoka unyagoni pamoja naye, na alikuwa na ngozi iliyomkumbusha uhusiano huo kila alipooga. Yeye asingeuita uhusiano huo tiba. Ulikuwa ni maisha tu.

Hapa ndipo jibu alilopewa Livingstone linaporudi. Katika desturi za msiba za kusini, na za pwani pia, urembo huvuliwa. Waliofiwa hunyolewa nywele, shanga na bangili huwekwa kando, kaniki huvaliwa, mwili huachwa bila mafuta. Matanga yanapoanuliwa mtu huogeshwa, hupakwa, huvikwa upya, naye hurudi miongoni mwa watu. Tabibu wa leo naye huorodhesha kutojitunza mwili miongoni mwa dalili za sonona. Urembo, basi, ni kipimo cha uhai, na katika urembo wote nembo ndiyo pekee ambayo msiba hauwezi kuivua. Mjane aliyenyolewa akiwa katika kaniki alikuwa bado ana mwezi wake pajini au mawimbi yake shavuni. Sehemu ya utu wake ilikuwa imewekwa mahali ambapo huzuni haifiki. Waliosema ni urembo tu huenda walikuwa wanasema jambo zito kuliko mgeni alivyodhani.

Alama za namna ya pili ni chale za dawa, ambazo Kiswahili huzitenga na nembo kwa jina na kwa ukubwa. Kupiga chale, kuchanja, kutoja: vitenzi hivi vyote vinahusu mikato midogo ya wembe ambamo mganga husugua dawa iliyochanganywa na masizi au majivu. Mikato hiyo huwekwa pale panapouma. Mwenye kichwa huchanjwa kwenye vipaji, mwenye kifua huchanjwa kifuani, na mwenye moyo unaodunda bila sababu, asiyelala, anayelia ovyo, naye huchanjwa kifuani, kwani ugonjwa wake una mahali pake mwilini. Mganga huuliza pia: nani amekufa nyumbani, nani amegombana na nani, mahoka wa ukoo wamesahauliwa lini. Kwa njia hiyo huzuni isiyo na jina hupewa sababu, na sababu hupewa watu wanaopaswa kuishughulikia. Ufundi huu una hatari yake, hasa pale unapomtaja jirani kuwa mchawi na hivyo kuponya moyo mmoja kwa kuuvunja mwingine. Lakini ni vigumu kukana kwamba mgonjwa aliyechanjwa alitoka akiwa amesikilizwa, akiwa na alama inayoonyesha kwamba alisikilizwa.

Lugha imelitunza jambo hili katika neno lingine. Chanjo ya ndui, ilipoletwa na serikali za kikoloni, ilipata jina lake Kiswahili bila shida, kwa kuwa kitendo cha kukwaruza ngozi na kutia dawa kilikwisha kuwa na kitenzi chake. Na kitenzi hichohicho katika hali ya kutendeana, kuchanjiana, kilitaja undugu wa damu. Watu wawili wasio ndugu walichanjwa, damu ya kila mmoja ikaonjwa na mwenzake, kwa kawaida pamoja na kipande cha ini au nyama, huku viapo vikitamkwa. Tangu hapo msiba wa mmoja ulikuwa deni la mwingine. Wafanyabiashara wa misafara walifanya hivyo ili kupata usalama njiani. Wengine walifanya hivyo kwa mapenzi. Katika mifano yote hii mkato ni mlango, na kinachopita mlangoni ni mtu mwingine.

Upande wa giza wa historia hii ni kwamba alama iliyomwambia mtu kwao ni wapi ilimwambia pia adui. Katika karne ya 19 mateka wengi wa nchi hii walipelekwa Kilwa, Zanzibar na visiwa vya Bahari ya Hindi. Katika miaka ya 1840 Mfaransa Eugène de Froberville, akiwa Mauritius, aliwahoji watu waliotoka pwani ya Afrika Mashariki, wakiwamo Wamakua, akazichukua nyuso zao kwa plasta pamoja na nembo zilizokuwa juu yake. Makumi ya sanamu hizo yamehifadhiwa katika kasri la Blois, Ufaransa. Mtu aliyebadilishwa jina, dini na lugha alikuwa bado amebeba kwao usoni. Iwapo hilo lilimfariji au lilimtonesha kila alipojiona majini, plasta haisemi. Yaelekea lilifanya yote mawili.

Masasi yenyewe, kama mji wa misheni, iliasisiwa na watu wa namna hiyo. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yuleyule aliyechapisha mwongozo wa Kiswahili mwaka 1870, aliwaongoza kutoka Zanzibar watumwa walioachwa huru, akiwa na nia ya kuwarudisha bara, wakaishia Masasi. Miaka 6 baadaye, mwaka 1882, kijiji chao kilivamiwa na Wangoni walioitwa Magwangwara. Kwa hiyo wakazi wa mwanzo wa mji huo walikuwa na sababu nyingi za kusononeka, na nembo zao zilitofautiana. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Ibada iliyowaunganisha ilikuwa ya Kianglikana.

Wamisionari wengi waliyaona makovu kuwa alama za upagani, na walimu wa Kiislamu nao walifundisha kwamba haifai kulibadilisha umbo aliloliumba Mungu. Lakini katika Masasi palikuwa na mtu aliyefikiri tofauti kidogo. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi kuanzia mwaka 1926, aliona kwamba kuiondoa jando kabisa kungewaacha vijana bila jamii, akatunga jando la Kikristo lenye sala na mafundisho ya Kanisa, na kwa wasichana malango. Jaribio lake limejadiliwa sana na wanahistoria, hasa Terence Ranger katika andiko lake la mwaka 1972. Lyndon Harries, padre wa dayosisi hiyohiyo ambaye wanafunzi wa Kiswahili wanamjua kwa kazi yake juu ya ushairi, alichapisha mwaka 1944 maelezo ya unyago wa Wamakonde. Lucas alikuwa ameelewa jambo la msingi, yaani kwamba katika jando kisu ni sehemu ndogo na kikundi ni sehemu kubwa. Nembo haikupata mtetezi kama huyo. Iliachwa ife polepole, shuleni, kanisani, msikitini na mjini.

Mjini ndiko ilikogeuka kuwa mzigo. Wamakonde wa Msumbiji waliovuka Ruvuma kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, na baadaye wakimbizi wa vita vya ukombozi vya 1964 hadi 1974, walijulikana mara moja kwa nyuso zao, wakaitwa Wamawia kwa namna isiyo ya heshima. Kenya, wazao wa vibarua wa Kimakonde waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa waliishi Kwale kwa miongo mingi bila vitambulisho, hadi Oktoba 2016 walipotembea kwa miguu kuelekea Nairobi; mwaka 2017 walipewa vitambulisho na kutambuliwa kuwa kabila la 43 la nchi hiyo. Wazee wao walikuwa na hati ya ukoo iliyoandikwa usoni, na dola iliwaona hawana hati.

Vinyago vimeitunza sehemu ya kumbukumbu hiyo. Katika barakoa za mapiko, na katika zile barakoa za kiwiliwili cha mwanamke mjamzito zilizovaliwa na mchezaji wa kiume, dinembo zimeonyeshwa kwa kuchongwa au kwa nta ya nyuki iliyobandikwa juu ya mti. Mti uliokuwa mwanamke katika hadithi ya asili unarudishiwa alama ambazo wanawake wenyewe hawachanjwi tena. Baadhi ya barakoa hizo ziko Leipzig.

Chale za dawa hazikufa. Zilipata msukosuko baada ya mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi walipogunduliwa Kagera, na waelimishaji wa afya wakaanza kuonya juu ya wembe mmoja kwa watu wengi. Onyo hilo lilikuwa la haki. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliwaweka waganga chini ya usajili. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 ikaweka utaratibu wa kuwatibu na kuwalinda wagonjwa wa akili. Kati ya sheria hizo mbili yuko mgonjwa wa sonona wa Lupaso au wa Newala. Kuna njia ya kwenda kwa mganga na njia ya kwenda hospitali, na mara nyingi hupita zote mbili bila wahudumu wa upande mmoja kumwuliza alichoambiwa upande wa pili.

Naye kijana wa leo anayechorwa tatuu Mtwara mjini au Dar es Salaam, akaandikwa jina la mama aliyefariki mkononi, yuko karibu na mababu zake kuliko anavyodhani, na yuko mbali nao kuliko anavyotaka. Yuko karibu kwa sababu ameweka marehemu mahali pasipovulika. Yuko mbali kwa sababu alichagua mchoro peke yake, akalipia, akatoka. Mzee wa Newala alipotazamwa usoni na mwenzake aliona nembo ile aliyo nayo mwenyewe. Jina la mama wa mtu mmoja halisomeki hivyo kwa mwingine, mpaka pale anapotokea wa kuuliza huyu ni nani, na mwenye mkono akaanza kueleza. Huenda nguvu ya tatuu hizo iko hapo, katika swali la mpita njia. Ama yule ajikataye kwa siri ili maumivu ya ngozi yazime ya moyo, hilo ni jambo jingine kabisa. Mkato wake hauna mashahidi, na anayeugundua ana kazi ya kukaa naye na kumfikisha kwa mtaalamu, sio kumkemea. Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Katika nchi ya nembo maradhi yalikuwa magumu kufichwa, kwa kuwa mwili wenyewe ulikuwa wa hadhara.

Kwa upande wa lugha kuna kazi isiyofanyika. Msamiati wa Kiswahili wa huzuni umekusanywa zaidi kutoka pwani na kutoka Dar es Salaam. Kimakonde, Kimakua, Kiyao na Kimwera vina maneno yake ya moyo unaosonona, na maneno hayo yako kwa wanawake wazee waliokuwa makungwi. Dodoso la zahanati likiandikwa bila wao litauliza usingizi na chakula, litajibiwa usingizi na chakula, na swali ambalo Weule hakuliuliza Newala mwaka 1906 litakuwa bado linasubiri.